Sheria ya Benchi

Jina alilopewa kinyozi huyu na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, na huko ndiko linakolala mpaka leo. Mtaani aliitwa Springi. Mgeni angedhani ameitwa hivyo kwa wepesi wa mikono, maana kweli mikono alikuwa nayo. Akikunyoa unaweza kusinzia. Lakini wapi! Jina lilitoka kwenye benchi.

Benchi lilikuwa baina ya kibanda chake na kipenu cha fundi viatu, jirani yake wa miaka na miaka. Lilikuwa ubao mmoja mrefu, umelainishwa na makalio ya watu wazima wasiokuwa na haraka ya kurudi makwao. Wachezaji wawili walikaa wamelipanda, mmoja huku, mmoja kule, wakatazamana, na kati yao pakawekwa kipande cha mbao kilichochorwa vyumba vyeusi na vyeupe. Hapo ndipo palipochezwa drafti, tangu wateja wanapopungua mchana mpaka jua linapokwenda zake.

Asiyeijua drafti asiogope, si elimu ya chuo kikuu. Kila mtu ana kete zake kumi na mbili, na kete za pale zilikuwa vizibo vya soda, za mmoja zimelala chali, za mwingine kifudifudi. Kete inakwenda mbele kwa mshazari, chumba kimoja kimoja. Ikikutana na ya adui, na nyuma ya adui pakawa wazi, inairuka, na kuiruka ndiko kuila. Ukiona pa kula, lazima ule, hata kama unajua fika kwamba umetegewa. Kete ikifika mwisho wa ubao inabebeshwa nyingine juu yake, inakuwa kingi, na kingi anatembea atakavyo. Anayeishiwa kete amefungwa.

Na aliyefungwa anainuka. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya benchi. Hakuna cha “turudie”, hakuna cha “jua lilinipiga machoni”. Unainuka, unampisha anayengoja, unakwenda kusimama ukutani pamoja na wenzako walioinuka kabla yako, na wao wanakupokea kwa maneno. “Kanywe maji, mzee,” wanakwambia, na usipocheka utaambiwa mara mbili. Mwalimu mkuu aliinuka pale. Askari mwenye sare zake aliinuka, tena akakumbushwa asisahau kofia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hainuki. Fundi viatu akishakaa, amekaa. Walimwita Gundi, na kwa kazi yake ya viatu jina lilimkaa sawasawa. Alicheza polepole, kiatu cha mtu kimebanwa magotini, akivuta uzi huku ubao akiutazama kwa jicho la pembeni. Ungedhani hana habari na wewe. Kumbe amekwisha kukulisha kete moja, umeila kwa furaha zako, na kwa kuila umemfungulia mlango. Anaruka, anaruka tena, anakomba, kisha mkono unarudi kwenye uzi kana kwamba hakuna lililotokea. Springi alikuwa akifanyiwa hivyo kila siku ya Mungu. Anakaa, anainuka. Anakaa, anainuka. Basi jina likapatikana.

Kumfunga Gundi mara moja, mara moja tu, ndiyo ilikuwa haja ya moyo wake, na hakuificha. Mkewe alikuwa akimwekea chakula na kumuuliza, “Leo umeruka mara ngapi, baba watoto?” naye alikula tu, kijiko kikitembea kwenye sahani kama kete. Wakati mwingine alimnyoa mtu akisahau kumuuliza anataka mtindo gani, maana kichwani alikuwa bado anacheza mchezo wa jana.

Jambo jingine la benchi lile lilikuwa kwamba hakuna kuachiana. Kijana mmoja fundi bati alitaka kuoa, na siku moja baba wa binti akapita pale, akaketi kucheza naye. Kijana akaanza kujifungisha makusudi, anatoa kete kama anayegawa pipi. Gundi alitazama, akatazama, mwisho akashindwa kuvumilia, akaweka kiatu chini, akaugeuza ubao wote, vizibo vikatawanyika hadi barabarani. Akamwambia yule mzee kwa adabu zote kwamba kijana anamwona mtoto mdogo. Mzee alikasirika, kijana akakasirika zaidi, ndoa ikachelewa. Gundi hakujuta hata kidogo. Alisema mtu mzima hapewi kilemba cha ukoka mbele za watu.

Ndivyo walivyoishi, hadi asubuhi ile.

Kioo cha Springi kilitazama mlango, na mlango ulitazama kipenu cha Gundi, hivyo aliweza kumwona jirani yake bila kugeuka. Alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja alipoona kwenye kioo Gundi akiinama kuokota sindano ya kushonea. Akaikosa. Akainama tena, akaikosa tena, na aliponyanyua uso, mdomo wake ulikuwa umeanguka upande mmoja. Springi aliacha mashine ikiwaka. Yule mteja naye alitoka mbio na shuka lake shingoni, akashika miguu ya Gundi, Springi akashika mabega, wakamkimbiza hospitali. Mteja alishinda huko siku nzima na nusu ya nywele, wala hakuna aliyemcheka.

Kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Akili je? Hapo madaktari walisema tungoje tuone. Walipomrudisha nyumbani, walimkalisha kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha la chumba cha mbele, mguu mmoja umenyooshwa kama si wake. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikuwa humo humo chumbani, kwa hiyo alishona huku anamwangalia. Zamani mama huyu alikuwa akiuita ubao wa drafti “mke mwenzangu”, kwa jinsi ulivyomlia muda wa mumewe. Sasa yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma mtu amwambie shemeji yake, yaani Springi, aje nao.

Springi alikuja jioni, baada ya kufunga kibanda, ubao kwapani na vizibo kwenye kopo la maziwa. Alikuja kwa roho ya hofu. Akaweka ubao juu ya stuli, akapanga kete za Gundi na za kwake, akamtazama. Gundi aliutazama ubao. Kisha mkono wa kushoto, ule ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushikilia kiatu tu, ukanyanyuka ukitetemeka, ukasukuma kizibo kimoja mbele. Mkewe alisimamisha cherehani. Springi alitaka kulia kwa furaha.

Walicheza. Na haikuchukua muda Gundi akafanya kosa. Aliacha pengo ambalo hata anayejifunza asingeliacha. Springi aliliona papo hapo, na moyo ukamruka. Angemlisha kete moja tu, Gundi angelazimika kula, na kwa kula huko angemwachia Springi njia ya kukomba tatu na kuvaa ukingi. Lilikuwa pengo lile lile aliloliota miaka yote. Vidole vilikwisha kugusa kizibo.

Ndipo alipouona ule mguu. Nikimfunga, aliwaza, lazima ainuke, ndiyo sheria yetu. Na huyu hawezi kuinuka. Basi mtu asiyeweza kuinuka utamfungaje? Aliuacha mtego, akasogeza kete nyingine isiyo na kazi yoyote, na baada ya hapo akajifungisha taratibu mpaka kete zake zikaisha. Akainuka yeye, akajipiga kifua, akalaumu macho yake. Gundi alitazama kile kizibo ambacho hakikusogezwa, kisha akamtazama yeye usoni, akamtazama kwa muda mrefu. Springi alidhani ni uchovu.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Mtaani Springi alitangaza kwamba Gundi ni yule yule, mkono wa kushoto umemkalia kama wa kulia, anamfunga kila jioni. Watu wa ukutani walifurahi. Na yeye alirudi nyumbani kifua mbele, akamwambia mkewe kwamba ameona njia ya kumsaidia rafiki yake, tena haimgharimu kitu. Alisema hivyo na aliamini, maskini wa Mungu.

Lakini Gundi alianza kuzorota. Kwanza aliacha kucheza mpaka mwisho; akifika katikati anarudisha mkono mapajani. Kisha akaanza kukataa uji. Dada wa mazoezi aliyekuwa akija kutoka hospitali kumnyoosha viungo na kumsimamisha, alimkuta amejilegeza mwili mzima, hasaidii, hapingi, yupo tu. Dada yule hakuwa na maneno ya kuzungushazungusha. Alimwambia mke kwamba mgonjwa wa namna hii akikataa kula na kukataa kujaribu kusimama, hakawii. Mke alielewa, akakaa kwenye cherehani yake bila kushona.

Jioni ile Springi alipofika na kupanga kete, mkono wa kushoto ulipita juu ya ubao mara moja, ukafagia vizibo vyote chini. Vingine viliviringika hadi uvunguni mwa kabati. Gundi akageuza uso ukutani. Springi alipiga magoti kuokota, anaokota na kujisemea kwamba mzee amechoka leo, na alipoinuka na kopo lake alimkuta shemeji yake amesimama mlangoni, anamwashiria atoke.

Uani, karibu na kamba ya nguo, mama yule aliongea kwa sauti ya chini. Alisema yeye humwelewa mumewe kwa mkono: akimbana mara moja ni ndiyo, asipombana ni hapana. Jana alimuuliza kama ana maumivu. Hapana. Kama ni watoto wamemuudhi. Hapana. Kama ni yeye mkewe. Hapana. Mwisho akamtaja shemeji, mkono ukambana mpaka vidole vikamuuma, na machozi yakamtoka mtu mzima.

“Umemfanyia nini mume wangu?”

Springi angeweza kusema hajui. Alijua, palepale.

“Namwachia,” alisema. “Tangu siku ya kwanza. Namwachia anifunge.”

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alishika kamba ya nguo, akatazama chini, na aliposema alisema kama mtu anayehesabu mzigo wake mwenyewe.

“Shemeji, humu ndani kila mtu anamwachia. Akimwaga uji tunasema hakuna neno. Akikasirika tunacheka kama tunamchezea mtoto. Watoto wakija wanaongea naye kwa sauti ya kubembeleza, yule baba yao waliyekuwa wakimkimbia. Mimi mwenyewe namwachia, sina la kufanya, nitamgombeza mgonjwa? Wewe ndiye uliyekuwa umebaki.”

Springi alijitetea. Alisema hakufanya kwa dharau, alifanya kwa upendo. Alimweleza sheria ya benchi, kwamba aliyefungwa hana budi kuinuka, na kwamba yeye aliona ni ukatili kumfunga mtu asiyekuwa na miguu ya kuinukia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

“Ainuke asiinuke, hilo ni lake,” alisema. “Si lako, wala si langu.” Akaingia ndani.

Springi alikwenda nyumbani kichwa chini. Mkewe alimuuliza kaumwa nini, akamwambia wameshindwa kucheza leo. Alijiona mtu wa hovyo. Alimkumbuka fundi bati na pipi zake, akamkumbuka Gundi akiugeuza ubao kwa hasira, na akaona kwamba yeye, rafiki wa miaka yote, amemtendea rafiki yake jambo lile lile ambalo rafiki yake alilichukia kuliko yote, tena amemtendea akiwa hana hata ulimi wa kumtukania. Aibu ilimla. Kesho yake kazini alimkata mteja nyuma ya sikio, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu aanze kushika wembe, akafunga kibanda mapema.

Alipoingia chumbani, Gundi alikuwa bado ameelekea ukutani. Springi hakukaa. Alisimama mbele yake na mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

“Nilikuwa nakuachia,” alisema. “Umeliona tangu siku ya kwanza, najua. Nilikukosea sana, ndugu yangu. Leo sikuachii hata kizibo.”

Uso haukugeuka. Springi akakaa, akavuta stuli ya ubao, akapanga kete, akasogeza ya kwanza, akangoja. Hakuna kitu. Basi akaanza maneno ya benchi. Alimuuliza kama anaogopa. Akamwambia kumbe watu walimsifia bure, kumbe gundi yenyewe ya maji. Akamwambia kama hawezi aseme, amwite mkewe acheze kwa niaba yake. Maneno yalimtoka makavu, na mama kule kwenye cherehani alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Alikuwa karibu kukata tamaa pale shingo ilipogeuka. Jicho la Gundi lilikuwa limewaka. Mkono wa kushoto ukaja juu ya ubao.

Loo, na kumbe mzee alikuwa na mchezo! Springi hakujua, maana tangu ugonjwa hakuwa amempima. Makosa yalikuwepo, lakini hayakuwa mengi kama alivyodhani. Mengine alikuwa ameyabuni Springi mwenyewe kwa huruma yake. Gundi alimlisha kete moja, akamkomba mbili. Springi alitoka jasho. Alicheza kama anavyocheza benchini, mwili wote umeinamia ubao, na kwa kitambo akasahau kabisa kwamba anacheza na mgonjwa. Huo ulikuwa wakati mzuri kuliko yote tangu asubuhi ya kioo.

Halafu akaona. Kona ya kulia ya Gundi ilikuwa imelala. Kete zake za upande ule hazikuwa zimeguswa tangu mwanzo, na macho yake hayakwenda huko hata mara moja. Hakusahau tu. Hakuiona. Ugonjwa ulikuwa umeikata ile kona ya ubao kama ulivyokata mkono na mguu, na mwenyewe hakujua kwamba imekatwa. Njia ya kumfunga ilipita hapo hapo: kumlisha kete moja katikati, alazimike kula, kisha kuingia kwa kona na kukomba tatu mfululizo hadi kwenye ukingi.

Springi aliondoa mkono ubaoni. Nishinde kwa kupitia upande wake uliokufa? Hivi mimi ni binadamu wa namna gani? Alimtazama Gundi. Gundi alikuwa akimtazama yeye, si ubao. Alikuwa anamtazama usoni kama siku ile ya kwanza, anangoja aone kama atatoa kilemba tena. Springi alipiga moyo konde. Akaisukuma kete ya katikati.

Gundi akala, kwa kuwa lazima ule. Springi akaingia kwa kona, akaruka moja, akaruka ya pili, akaruka ya tatu, akaweka kizibo juu ya kizibo. Gundi alishtuka. Hakujua kete zile zimetokea wapi. Aligeuza kichwa polepole kuelekea kulia, zaidi, zaidi tena, mpaka kona nzima ikaingia machoni mwake, akaitazama kwa muda mrefu. Alielewa kilichompata, na si kwenye ubao tu. Wote watatu waliona kwamba ameelewa. Alicheza kilichobaki bila kujitupa, akang'ang'ania hadi kete ya mwisho, na ya mwisho nayo ikaliwa.

Springi alikuwa amemfunga Gundi. Miaka yote ile aliwaza atapiga ukelele gani siku hiyo, atazunguka benchi mara ngapi, na sasa alikuwa ameketi tu, na furaha ilikuwa haipo. Alichosikia ni huzuni nzito, kama mtu aliyepewa urithi siku ya mazishi.

Mkono wa kushoto wa Gundi ukashika mkono wa kiti.

Springi alikurupuka kumsaidia. “Mwache,” mama alisema. Gundi alijivuta mbele, akanyanyuka kidogo, akarudi kwa kishindo. Akapumua. Akajivuta tena, mguu mzima ukikwaruza sakafu, ule mwingine ukiburutwa, akarudi tena. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Springi alikuwa anajikaza asiangalie pembeni, na machozi yalikuwa yamekwisha kumwagika bila ruhusa. Mara ya tatu Gundi alikiachia kiti, akadaka nondo ya dirisha, akaning'inia hapo, akajisukuma, akasimama. Alisimama kombo, bega moja chini, lakini alisimama. Kiti kikabaki wazi.

Sasa lilibaki neno, na aliyepaswa kulisema ni Springi. Alikuwa ameambiwa yeye mara nyingi mno, hakujua kwamba ni zito hivi.

“Kanywe maji, mzee,” alisema, na sauti ikamkatika katikati.

Gundi akacheka. Kicheko kilitoka kwa nusu ya mdomo, hakikuwa na sauti nzuri, lakini kilikuwa kicheko chake. Mkewe alikwenda kwenye ndoo, akaleta kikombe, akampa mkononi badala ya kumnywesha, na yeye akaegemea nondo kwa bega ili mkono uwe huru. Alikunywa amesimama, na nusu ya maji ikaenda kwenye shati.

“Unamwaga,” mkewe alimwambia. “Shika kikombe vizuri.”

Alikula jioni hiyo. Dada wa mazoezi alipokuja alimkuta mtu mwingine, mkali, anayetaka kusimamishwa tena na tena. Alijifunza kugeuza kichwa kabla ya kila kete, aitafute ile kona iliyomkimbia, na alipokwisha kulijua hilo, basi, Springi alikwisha. Hakumfunga tena hata siku moja. Walicheza majira yote ya mvua na baada yake, mwishowe Gundi akafika benchini kwa fimbo, na Springi akawa anakaa na kuinuka kama zamani. Maneno machache yalirudi mdomoni mwa Gundi, mengi yao matusi.

Kisha kiharusi kilirudi, na safari hii hakikuacha kitu.

Mazishini watu walikuwa wengi kuliko viti. Wasemaji walisimama mmoja mmoja, wakasema marehemu hakuwahi kumkasirikia mtu, hakuwahi kukawiza kiatu cha mtu, na kwamba ugonjwa aliupokea kwa tabasamu. Springi aliwasikiliza wote. Alipoitwa yeye kama jirani na rafiki, alikwenda mbele, akavua kofia, akatafuta maneno aliyokuwa ameyapanga njiani, asiyaone.

“Mimi nilimfunga mara moja,” alisema.

Watu walitazamana. Mtoto mkubwa wa marehemu alikunja uso.

“Alikuwa mgonjwa. Nilimpiga upande aliokuwa haoni, najua ni upande gani, na nilifanya makusudi. Akainuka mwenyewe, hakushikwa na mtu, akanipisha.” Akataka kuongeza jambo, asiweze. Alilia mbele za watu wote, kofia mkononi, na manung'uniko yakaanza kupita nyuma kwamba huyu kinyozi amekosa la kusema, amekuja kujisifia kumshinda maiti.

Mjane alikuwa ameketi mbele kabisa, kichwa kimefunikwa. Akakifunua.

“Ni kweli,” alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. “Nilikuwepo.”